Kitabu cha Kufungia Ugoro

Harufu ya ugoro hunitia hamu ya hadithi. Wengine huwapigisha chafya, mimi hunifanya nigeuze kichwa nitazame kama kuna mtu ameshika kitabu. Najua hilo si jambo la kawaida, lakini kwa kuwa tuko hapa wenyewe kwa wenyewe, nitawaeleza lilikotoka.

Kwanza muelewe habari ya jina. Mimi naitwa Nyambura. Mwanangu Gitonga alipopata msichana wake wa kwanza alimpa jina langu, kama inavyotakiwa kwetu, na tangu siku hiyo akawa anamwita yule mtoto "maitu", yaani mama, vile vile anavyoniita mimi. Majirani wakikutana naye njiani walimpa mkono kama mtu mzima, wakamuuliza viazi vinaendeleaje. Hawakuwa wanacheza. Mjukuu mwenye jina lako ni wewe umerudi mdogo. Kwa hiyo nikisema nasimulia utoto wangu, mjue niliupata mara mbili. Wa kwanza ulikuwa Endarasha, nao ulikatika nikiwa darasa la pili, nilipotolewa shuleni nikambebe ndugu yangu Ndirangu mgongoni. Mwalimu wetu, Musa, alikuwa katikati ya kutusomea hadithi ya mchungaji aliyeanguka shimoni, na mpaka leo sijui kama alitoka. Utoto wa pili niliupata Naro Moru, miaka ya tisini, nikiwa tayari na mvi. Huo ndio nataka kuwaambia.

Nyambura mdogo aliletwa kwangu mwezi wa nane, shule zimefungwa, baridi ya mlima imeshuka hadi kwenye mifupa. Mama yake, Wairimu, alikuwa amelazwa hospitalini Nyeri, na Gitonga alikuwa akishinda huko. Mtoto tulimwambia, "Mama anapumzika." Ndivyo ilivyokuwa zamani zile, mtoto hakuambiwa ugonjwa ni gani wala utaishia wapi. Naye hakuuliza. Alikuja na sweta zake, viatu vya shule, na macho ya kusoma kila kitu. Alisoma gunia la mbolea. Alisoma kopo la dawa ya ng'ombe. Alisoma magazeti niliyobandika kwenye ukuta wa jikoni kuzuia upepo, akapanda kiti kusoma yale ya juu, akainama na kugeuza kichwa kusoma yale niliyobandika miguu juu. Biblia aliifungua pia, akapita zile sehemu zenye vita. Alipomaliza kuta zangu akasema, "Shosho, hapa kwako hakuna kitu kingine cha kusoma?"

Hakikuwapo. Lakini sokoni alikuwapo Wangeci.

Wangeci aliuza ugoro. Aliketi upande wa wauza vitunguu, mkebe katikati ya magoti, kijiko mkononi, na kando yake rundo la karatasi. Karatasi hizo alizinunua kwa mtu mmoja akiitwa Theuri, aliyekuja kutoka Nyeri na magunia ya vitabu na magazeti makuukuu, akiwauzia watu wa njugu, watu wa magadi, na Wangeci. Ukurasa mmoja wa kitabu kidogo ulitosha ugoro wa mtu mzima kumfikisha soko lijalo. Wangeci aliuchana, akamimina, akakunja pembe, akakukabidhi. Hakujali kilichoandikwa. Yeye hakujua herufi, na waliofika kwake, wengi walikuwa na haraka ya pua.

"Chagua upesi, wewe mtoto," alikuwa akimwambia mjukuu wangu aliyechuchumaa kwenye lile rundo. "Hiyo ni karatasi ya kazi."

Kumpatia mtoto yule kitabu kitamu haikuwa rahisi kama mnavyofikiri. Vingine vilikuwa vya hesabu. Vingine vilikuwa na maneno yaliyovaa suti, kila neno linataka usimame ulisalimu kabla ya kupita. Tulitaka kitabu chenye maneno ya kila siku na shida ya kweli, ya mtu wa kweli, ambacho ukiingia hutoki. Nyambura alikuwa na njia yake ya kuvipima. Aliketi karibu nami nikimenya viazi, akasoma ukurasa wa kwanza kwa sauti. Mikono yangu ikiendelea kumenya, kitabu kilirudi kwa Wangeci kufungia ugoro. Mikono ikisimama, kilibaki. Hakuniambia kwamba ndivyo alivyopima. Mimi nilidhani anapenda tu kukaa nami. Kimoja, nakumbuka, kilianza kwa kusifu milima, mlima huu, ukungu ule, ukurasa mzima. Nilimenya sufuria ikajaa.

"Hii inarudi," akasema.

"Irudi," nikamjibu. "Milima tuko nayo hapa, tena bure."

Ndipo tukampata Selina.

Kitabu chenyewe hakikuwa na jalada, kwa hiyo jina lake hatukulijua. Sisi tulikiita kitabu cha Selina. Selina alikuwa msichana wa kazi katika nyumba ya tajiri mmoja mjini, na katika nyumba hiyo kulikuwa na chumba kimoja kilichofungwa daima. Siku ya kwanza tu, akiwa anapangusa ukuta, akasikia kitu kinabisha kutoka upande wa pili. Ko, ko. Akauliza, akaambiwa ni mabomba ya maji. Basi, hapo kisu changu kilisimama juu ya kiazi, na Nyambura akainua macho akanitazama mikononi, akatabasamu peke yake.

Wakati huo tulikuwa tunapalilia viazi. Sisi wanawake tulilimiana kwa zamu, leo kwangu, kesho kwako, kila mtu na jembe lake. Ngwatio, ndivyo tunavyoiita. Kundi letu lilikuwa Njoki, ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko jembe, Esta, aliyependa kulalamika, Rahabu wa Mathenge, ambaye mumewe alibeba mizigo ya wapanda mlima, na mimi. Nyambura singeweza kumwacha nyumbani, nikaenda naye, akaketi juu ya debe mwisho wa mistari, akaanza kusoma kwa sauti ya chini. Njoki akasema, "Kama unasoma, soma tusikie. Hatujaja mazishi."

Hapo ndipo shamba lilipobadilika. Kwa kawaida Njoki hutangulia mbele akatuacha, na Esta hubaki nyuma akilia mgongo. Sasa hakuna aliyetaka kupita sauti ya mtoto wala kuachwa nayo, na tulikwenda sambamba kama uzi. Tulipofika mbali kidogo, mmoja alirudi kulisogeza debe. Lakini palikuwa na hasara pia. Selina akifua nguo, tulilima chini sana. Selina akisikia nyayo kwenye ngazi, tulikwaruza juu juu. Sura ile Selina alipouona ufunguo shingoni mwa tajiri ilisomwa kwa Esta, na magugu yake yalibaki yakitutazama.

"Kwenu Selina anapika chai, kwangu Selina anakimbizwa," Esta alisema. "Mimi nimepata hasara gani hii? Kesho tuanze na yangu tena."

"Wewe Esta, unataka viazi ama unataka hadithi?"

"Nataka yote, Njoki. Wewe umepata yote."

Rahabu hakusema mengi. Rahabu alikuwa ameokoka. Kila Jumapili alisimama mbele akashuhudia jinsi alivyotolewa kwenye tumbaku, na kwetu mtu aliyeokoka akionekana na ugoro hukalishwa kiti cha nyuma, na hasimami tena kushuhudia mpaka aungame mbele ya watu wote. Alikuwa na leso ndogo aliyoiweka kifuani, na mara kwa mara aligeuka upande, akajipangusa pua nayo, akapiga chafya. "Vumbi," alisema. Vumbi lile lilitupiga sote, lakini aliyepiga chafya ni Rahabu peke yake. Mimi niliona, nikanyamaza. Nilishamwona siku moja akitoka upande wa wauza vitunguu bila kitunguu.

Siku moja zamu ilikuwa kwangu. Selina ameiba ufunguo. Tajiri yuko safarini. Selina anapanda ngazi bila viatu, na ile sauti nyuma ya mlango imenyamaza, kana kwamba inamsikia. Majembe yote yalikuwa yamesimama. Kuku wangu walikuwa wanafukua viazi na hakuna aliyewafukuza. Nyambura akasoma, "Akauzungusha ufunguo, mlango ukafunguka, na..."

Akafunua ukurasa. Hapakuwa na ukurasa. Palikuwa na uzi wa kushonea na vinyuzi vya karatasi.

"Na nini?" Njoki akauliza.

"Imeisha hapo."

"Haiwezi kuisha na 'na'. Na nini?"

Siku ya soko tulimwendea Wangeci. Akatueleza bila aibu kwamba yeye huchana kitabu akianzia nyuma, kwa sababu mbele ndiko watu huanzia na hapendi kumharibia mtu. Tukamuuliza zile kurasa alimfungia nani. "Mimi nauza ugoro," akasema, "siuzi majina." Lakini majina ninayo mimi. Wateja wake wote niliwajua, nikaanza kuwapitia, mtoto nyuma yangu. Mzee Gachanja alikuwa amewashia moto ukurasa wake. Wa mama yake Kirigo ulikuwa umeliwa na mbuzi. Mzee Wamahiu akatutolea karatasi kwa furaha, kumbe ni ya hesabu. Nyumba moja tu sikuigusa. Ningeingiaje kwa Rahabu na kumwomba, mbele ya mumewe na watoto wake, karatasi ya ugoro?

Nyambura hakulia. Afadhali angelia. Alikirudisha kitabu chini ya mto, na kuanzia siku hiyo hakusoma hata kopo la dawa. Nilimletea kingine kutoka kwa Wangeci, kizima, chenye jalada lenye gari. Akakisukuma.

"Sitaki, Shosho. Watakuwa wamekata tu."

"Hiki ni kizima. Angalia."

"Utaona," akasema. "Ukifika mahali pazuri wanakata. Na hakuna mtu atakuambia."

Nilidhani anazungumzia vitabu. Nilimwacha, nikaenda kukamua.

Ngwatio ya mwisho ilikuwa kwa Rahabu mwenyewe. Mtoto aliketi juu ya debe lake bila kitabu, mikono ndani ya sweta. Sisi tulilima ovyo, mmoja huku, mmoja kule. Njoki hakuweza kuvumilia kimya.

"Mimi nasema ni mke wake wa kwanza. Huyo tajiri alimfungia bibi yake."

"Ati bibi," Esta akasema. "Ni mwendawazimu. Ndugu yake mwendawazimu. Kwetu kulikuwa na mmoja."

"Kwenu hakukosi."

Na Rahabu, ambaye alikuwa ameinama, ambaye sidhani alijua kama ametoa sauti, akasema, "Na hata kama ni watu wabaya, yule mtoto wangempa hata blanketi."

Majembe yakasimama. Nyambura akainua kichwa.

"Mtoto gani, Shosho Rahabu?"

"Ehe," Njoki akasema, na macho yake yalikuwa yameanza kung'aa. "Mtoto gani, Rahabu? Nani amekuambia ni mtoto?"

Rahabu alishika kifua, pale penye leso. Uso wake ulikauka kabisa. Nilijua anayaona mambo gani: kiti cha nyuma kanisani, Njoki akisimulia kuanzia hapa mpaka Kagio. Nami nilikuwa na hamu ya mwisho wa ile hadithi kuliko mtu yeyote pale, isipokuwa mmoja.

"Anabahatisha," nikasema. "Njoki amesema bibi, hakuna aliyemuuliza bibi gani. Esta ametupa mwendawazimu. Rahabu naye amesema mtoto. Endelea kubahatisha, Rahabu."

Alinitazama. Alijua kwamba ninajua, na akaona sijasogea. Akaegemea jembe lake, na badala ya kututazama sisi akamtazama mtoto juu ya debe.

"Mimi nafikiria ilikuwa hivi," akasema.

Akasema mlango ulifunguka, na ndani, juu ya sanduku, ameketi mtoto wa kike. Mkononi ana kijiko. Ndicho alichokuwa akibishia. Kilikuwa kimepinda kwa kubisha. Selina hakupiga kelele, kwa sababu mtoto aliyezoea giza hapigiwi kelele. Alichuchumaa, akamwambia, "Nilikusikia siku nyingi. Nilikuwa natafuta ufunguo." Akamfunga mgongoni kwa leso. Wakatoka kwa mlango wa jikoni, na yule mbwa mkali hakubweka, maana Selina alikuwa akimwekea mifupa. Wakaenda wakaenda, taa za mji zikaisha, wakashika barabara ya vumbi, wakavuka mto wetu pale juu ya daraja penye mawe, Rahabu akaonyesha kwa mkono, na wakafika nyumba moja ambapo mwanamke mwenye mvi alikuwa anachoma viazi kwenye majivu. Yule mwanamke hakuwauliza wametoka wapi. Alitoa kiazi, akakipuliza, akampa mtoto.

Esta alikuwa amekaa chini kwenye udongo. Hakuna aliyeuliza ilikuwaje Selina wa mjini ajue mawe ya mto wetu.

"Na mama yake?" Nyambura akasema.

Rahabu akalikung'uta jembe lake udongo.

"Mama yake alikuwa mgonjwa," akasema. "Hakuweza kutembea. Ndio maana hakuja yeye. Lakini ni yeye alimtuma Selina katika ile nyumba."

"Alimtuma?"

"Alimtuma. Hakuwa amemsahau hata siku moja."

"Na alipona?"

"Hapo sijui, maitu," Rahabu akamwambia, akimwita vile baba yake alivyomwita. "Hapo sijafika. Lakini alimtuma."

Mtoto akaona kwamba hilo linatosha. Alishuka kwenye debe, akachukua jembe la Esta lililokuwa limelala bure, akapalilia kipande kidogo, vibaya. Usiku huo nyumbani alitoa kile kitabu chenye gari, na kesho yake nikimenya viazi akanisomea ukurasa wa kwanza. Kilirudi kwa Wangeci, hakikuwa na maana, lakini kilisomwa.

Wairimu alitoka hospitalini mwaka uliofuata, amekonda, kitambaa kichwani. Siwezi kuwaambia tuliimba. Alikunywa uji, akalala, na binti yake akaketi mlangoni akisoma.

Mambo hayo niliyaweka hivyo kwa miaka mingi. Niliamini kwamba Rahabu alikuwa na ule mwisho mzima kifuani, kurasa zilizokunjwa na ugoro ndani, na kwamba alipata ujanja wa kuutoa bila kuungama. Nilijihesabia mimi ndiye niliyemwokoa. Rahabu tulimzika, Wangeci naye pia, na siri ile haina tena wa kuumizwa nayo. Ndiyo maana naisema.

Juzi juzi Nyambura alikuja kunitembelea. Sasa ni mtu mzima, ana watoto, na tabia ya kuchuchumaa mbele ya vitabu vikuukuu hajaiacha. Alikuwa amepita Nyeri, kwa mtu anayevitandaza kando ya barabara, na akatoa kwenye mkoba kitabu chenye jalada la msichana ameshika ufunguo. Alikuwa amekitambua kwa mstari wa kwanza. Aliketi karibu nami, nikiwa na sufuria yangu, akanisomea kuanzia pale kwenye "na".

Na ndani ameketi mtoto, kweli, juu ya sanduku. Akainua uso. Ukurasa ukaishia hapo, nyayo zikisikika kwenye ngazi. Ukurasa wa pili wakaja polisi. Ukurasa wa tatu tajiri akafungwa pingu, mtoto akapelekwa kwa jamaa zake, mstari mmoja tu, na askari mmoja mwenye masharubu akamposa Selina. Mwisho.

Kijiko hakikuwamo. Mbwa hakuwamo, wala mto, wala viazi. Mama hakutajwa hata mara moja.

Nyambura akafunga kitabu akiweka kidole ndani.

"Shosho, Wangeci alikuwa anampa mtu ukurasa ngapi?"

"Mmoja."

"Kwa hivyo Shosho Rahabu alikuwa na huu mmoja tu."

"Huo mmoja."

Akasema, "Wewe ulijua?"

"Ugoro nilijua," nikamwambia. "Hayo mengine nimejua sasa."

Maana mimi nilikuwa nimesimama pale na jembe, mtu mzima, nikidhani nalinda jina la Rahabu, na Rahabu alikuwa ameshasahau jina lake. Alikuwa anamsikia mtoto wa juu ya debe anabisha. Mimi niliyelala naye nyumba moja sikuwa nimesikia.

Nyambura alitazama mikono yangu. Nami nikaitazama. Tangu aanze kusoma haikuwa imesimama. Sufuria ilikuwa imejaa viazi vyeupe. Akacheka kidogo, akakiweka kitabu kando, akavuta kigoda karibu, akaanza bila karatasi yoyote:

"Mkononi ana kijiko. Ndicho alichokuwa akibishia..."

Viazi vilivyobaki alikuja kuvimenya yeye.